Kaseti Iliyoganda Darajani

Fundi aliikalia kaseti ile ya gemu tangu asubuhi, na wateja wenye redio zao wakasubiri mlangoni mpaka wakachoka. Shauri yao. Leo dada yake angepita jioni, na huyo dada hakuwa amekanyaga karakana yake tangu yeye fundi alipouza nyumba ya marehemu mama yao bila hata kumshirikisha. Si kosa dogo hilo, na lilikuwa limemkaa rohoni. Kuomba radhi kulimshinda, basi akamtumia ujumbe: "Naifufua gemu yetu. Njoo uijaribu."

Kaseti yenyewe ilikuwa na kasoro tangu utotoni mwao. Ukifika darajani tu, picha inaganda. Hapo ndipo walipokuwa wakipokezana pedi ya kuchezea: aliyefika darajani anampisha mwenzake, wanazima, wanaanza upya. Mama hakuwahi kuhitaji kuwaamua. Miaka ikapita, kaseti ikagoma kuwaka kabisa.

Akayeyusha lehemu, akaing'oa ile chipu iliyobeba gemu, mguu mmoja mmoja, asije akauchuna ubao wa ndani ya kaseti. Chipu mpya alikwisha kuitia gemu ileile, nzima, haina doa. Akailehemu, akaichomeka kaseti kwenye mashine ya gemu, akacheza. Alipofika darajani, akavuka.

Badala ya kufurahi, akaiweka pedi chini. Jamani, amefanya nini? Sasa gemu haikuwa na pa kusimama. Dada angecheza peke yake hadi mwisho, amshukuru kama mgeni, ajiendee zake. Akaitazama chipu kuukuu pale mezani, akatamani kuirudisha, lakini ile ilikwisha kufa.

Dada akaingia, mkoba begani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Sauti kavu. Akaiangalia kaseti. "Kobe wewe, hukui tu."

Ni yeye peke yake aliyemwita Kobe. Pedi akaichukua hata hivyo, akacheza kwa kusimama, kama mtu anayeachwa na basi. Vidole vyake havikuwa vimesahau kitu.

Kijana wa kwenye gemu akafika darajani. Picha haikuganda, maji chini ya daraja yaliendelea kutembea. Dada akayatazama kwa muda. Njia ilikuwa wazi.

Akaacha kubonyeza. Akashusha mkoba, akavuta kigoda, akaketi. Kisha akamnyooshea mdogo wake pedi bila kumtazama.

"Zamu yako," akasema. "Ukimaliza, utaniambia kuhusu nyumba ya mama."