Sufuria ya Watu Arobaini

Mwaka ule wa 1932, kazi zilipokatika Elisabethville, mji wa migodi wa Katanga, mama Laurentine aliamua kwamba hakuna mtu atakayeshinda na njaa yeye akiwa na kuni na sufuria. Alikuwa hivyo, mama huyo: akishaamua jambo, hata mumewe, fundi wa mbao, alichukua kofia yake akatoka nje. Aliwaita wanawake wa chama chao cha watu wa Kilwa, ile ya ziwa Mweru, chama kilichozoea kuzika, akawaambia sasa watalisha na walio hai. Basi kila Jumamosi adhuhuri bukari, ugali wa huko, ilisongwa uani kwake, ikaliwa kwa sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu, na watu waliofukuzwa kazini, waliolala sokoni na kwenye baraza za maduka, wakaja kula. Walifika arobaini.

Lakini kula kwa Laurentine kulikuwa na sheria. Kwao humpi mtu chakula kabla hujajua ni wa nani, kwa hiyo kila mmoja alitaja jina, kijiji na shefu wake, yaani chifu wa kwao. Donat, jirani mtu wa Kasai aliyewaandikia barua za chama kwa mwandiko ambao mwenyewe aliuringia, aliyapanga majina hayo kwenye karatasi kijiji kwa kijiji. Jina likisomwa, mwenyewe husimama na kuitikia kwa Kifaransa "Présent!", yaani nipo, ndipo apewe sahani. Aliyeitikia kinyonge alirudishwa aitikie tena. Laurentine alisema mtu akikosa kazi asikose na sauti, na watu walicheka, wakaizoea hiyo michezo yake, hata wakaanza kushindana nani ataitikia kwa nguvu zaidi.

Mmoja tu alikataa, mzee mmoja mwenye kofia ya reli.

"Jina yangu nilishaipana kwa kazi," alisema. "Baliniandika, bakanifuta. Sitaki kuandikwa tena."

Laurentine alimwona mwenye kiburi. Jumamosi tatu hakumpa kitu, na mzee aliketi nje ya ua akisikiliza majina ya wenzake. Aliyemmegea bukari kupitia tundu la ua alikuwa Martine. Laurentine aliona, akajifanya haoni.

Martine alikuwa msichana kutoka mji wa Kongolo, mjamzito, siku zake zimetimia. Mwanamume wake alivuka kwenda Rhodesia kutafuta kazi, na tangu hapo kimya. Laurentine alimpa chumba cha nyuma na kumwahidi kwamba mtoto atampokea yeye mwenyewe. Alikwisha kumwekea mtoto kitambaa cheupe, kipya, akakifua mara mbili ili kilainike. Yeye hakuwahi kuzaa, na hilo kila mtu mtaani alilijua.

Unga ukaanza kuisha. Laurentine akapata wazo, na maskini alilifurahia sana wazo lake: waombe magunia kwa ofisi ya wazungu, na wapeleke ile orodha, ofisi ione kwamba njaa ni ya kweli. Donat alisita. Laurentine akamwambia watu wa ofisi huamini karatasi tu. Kando ya kila jina Donat akaongeza hali ya mtu, na walipofika kwenye jina la Martine, Laurentine alitamka maneno mwenyewe, akiyakoleza ili mioyo ilainike: hana mume, hana kazi, hana wa kumtunza.

"Lakini mama, si anaikala kwako?" Donat aliuliza.

"Andika tu," Laurentine akasema.

Jumamosi iliyofuata lori lilionekana kwenye kona. Laurentine alipaza sauti watu wakae kwa mistari, kijiji kwa kijiji, wasije wakamwaibisha. Wanawake wa chama walipiga vigelegele. Lori likasimama mlangoni, na wote wakaona kwamba lilikuwa tupu.

Waliteremka polisi na karani mmoja mweusi mwenye suti, mkononi ana karatasi ya Donat. Akaanza kusoma. Watu wakaitikia "Présent!" kama walivyofundishwa, wakicheka, na kila aliyeitikia aliambiwa apande. Watatu wa kwanza walipanda mbio, wakidhani wanakwenda kubeba magunia. Alipofika wa nane, polisi walikuwa wamekwisha kuziba mlango wa ua.

Karani alieleza kwa adabu. Wasio na kazi wanarudishwa kwa mashefu wao, na treni inaondoka leo alasiri. Ofisi ilikuwa na shida kujua nani ni wa wapi, kwa hiyo inamshukuru mama kwa kazi yake nzuri.

Laurentine alisikia, lakini maneno hayakuingia. Akashika ukingo wa sufuria na kuungua kiganja bila kujua. Ndipo likasomwa jina la Martine. Hakuna aliyeitikia.

"Huyu ni mutoto yangu," Laurentine alisema. "Iko na miye."

Karani akaweka kidole kwenye mstari na kumsomea: hana mume, hana kazi, hana wa kumtunza. Donat, aliyekuwa karibu, aligeuza uso ukutani.

Martine aliinuka polepole, mkono kiunoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Laurentine kuliko yote.

"Mama, ulituambia bataleta unga," alisema.

Polisi akamshika kiwiko, akapanda. Laurentine alikimbilia ndani kuchukua kile kitambaa cheupe. Aliporudi nacho barabarani, lori lilikuwa limekwisha kukata kona, na vumbi lake lilikuwa bado halijatua.

Uani sufuria ilikuwa imejaa, bukari ya watu arobaini, bado moto. Wanawake wa chama walikuwa wameondoka mmoja mmoja bila kuaga. Laurentine aliketi chini, kitambaa mapajani.

Mzee mwenye kofia ya reli, ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi, akaingia kutoka nje ya ua na kusimama mbele yake. Akavua kofia.

"Mama," alisema kwa upole, "jina yangu ni—"

"Usiniambie," Laurentine alisema. Akachukua sahani kwa mkono ulioungua, akaijaza, akampa. "Kula, baba. Usiniambie."