Tetta na Sheria ya Kelele

Ilikuwa sikukuu ya Mikaeli, Malaika Mkuu, mwaka wa vita na watu wa ng'ambo ya mto. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, kisha jua likautoboa na matone yakaanza kudondoka kutoka kwenye miti ya mialoni.

Tetta, binti wa miaka minane hivi, aliamka ndani ya shina la mti lenye uwazi, ubavuni mwake nguruwe jike akikoroma. Tangu watu hao wa ng'ambo wachome kijiji cha kwao na kuwaua wazazi wake, Mungu alikuwa akimlisha kwa njia ya nguruwe wa kufugwa walioachiwa msituni wajilishe. Walipofukua, naye alifukua. Walichokula, naye alionja. Neno la mwisho la mama yake lilikuwa asitoe sauti, naye alilishika. Hakuwa amesema kitu tangu siku hiyo.

Lakini asubuhi hiyo upepo ulileta harufu ya mkate. Miguu ikamtoa msituni kabla akili haijakubali, akaingia uani kwa watu wa kijiji cha kando ya msitu, kimyakimya kama paka.

Dudda, mkuu wa kijiji hicho, mtu wa tumbo la kutangulia, akamdaka. Sheria ya nchi hiyo hata watoto waliijua: mgeni akiacha njia na kupita msituni, apige kelele au apulize pembe. Anayekuja kimya ni mwizi, na anaweza kuuawa. Watu wakajaa. Dudda akasema hawezi kumdhuru mtoto, ila atamrudisha alikotoka. Majira ya baridi yalikuwa mlangoni, na kila mtu alijua maana yake.

Burga, mjane mchunga nguruwe, alimtazama binti yule mwenye matope hadi masikioni, akacheka.

"Mzee Dudda, huyu si mwizi. Hajui kupiga hodi tu. Mwache arudi mitini, aje upya kama watu."

"Na asipopiga kelele?"

"Basi umeshinda, na nitakupikia mwaka mzima."

"Upishi wako naujua, mama. Hiyo si zawadi, ni adhabu."

Tetta akarudi hadi kwenye mti wa kwanza. Nyuma yake msitu ulikuwa kimya, na angeweza kukimbia. Akasali Baba Yetu moyoni, akafika kwenye mkate wa kila siku, akakwama hapo, maana mkate wenyewe ulikuwa unanukia. Mama alimnyamazisha ili aishi, akawaza. Sasa kuishi kunataka kelele. Akafumba macho, akatoa kelele pekee aliyokuwa akiisikia kila jioni, mwito wa Burga wa kuwaita nguruwe waje kula.

"Hoo-suu! Hoo-suu!"

Vichaka vikatikisika. Nguruwe wote, wakubwa kwa wadogo, wakatoka mbio, wakampita Tetta, wakapasua umati, na Dudda akajikuta ameketi topeni na kitoto cha nguruwe mapajani. Kijiji kizima kikacheka hadi wengine wakashika ukuta. Dudda alijaribu kukunja uso, ukamshinda. Akakiri kwamba kelele ameisikia, na asiyeisikia ni maiti.

Alipoinuka akauliza, kwa upole sasa, ni nani atakayemjibia mtoto huyu, kwa kuwa asiye na ukoo hana wa kumsemea.

Burga akamega mkate, akampa Tetta, akamshika mkono.

"Mbele za Mungu na mbele yenu nyote, kuanzia leo huyu ni mwanangu. Akikosa, nijieni mimi. Akilia usiku, nitaamka mimi."