Nta Juu ya Tela la Bwana Visima

Mume wangu Mabruki ni fundi seremala, na tangu nimjue hajapata kushindwa na ubao. Kinachomshinda ni kushauriwa. Nalisema hili mapema msije mkadhani namsengenya; mwenyewe analijua, na siku hizi hulicheka.

Kisa chenyewe ni tela. Bwana Visima, Mwingereza aliyekuwa akichimbisha visima vya serikali kuanzia Nzega hadi Ziba, alinunua tela la jeshi vita vilipokwisha, akamwomba Mabruki alijengee nyumba juu yake. Nyumba kamili, ya mninga: kitanda cha kukunja, meza, makabati, na madirisha mawili yenye mapazia niliyoyashona mimi. Kila mwezi wa saba Bwana alilifunga nyuma ya gari lake, akaenda mto Ugalla kuvua samaki na kulala. Basi, hakuna kingine. Babu yake Mabruki alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, na alipofika hakuwa na kucha za miguu. Tulipomweleza shangazi yake, bibi kizee wa Kwihara, kwamba kuna watu hufunga safari ili wapumzike, alituuliza wanaumwa nini.

Mwezi mmoja tela lilitembea, miezi kumi na mmoja lilikaa uani kwetu, na kukaa ndiko kunakoliharibu tela. Tuliliinua juu ya magogo ili mipira isilale upande mmoja ikapasuka, na kila Ijumaa baada ya swala Mabruki aliyazungusha magurudumu kwa mkono. Magogo tuliyapaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Godoro nililianika mimi. Madirisha niliyafungua asubuhi na kuyafunga jioni ili ndani pasiote ukungu, na panya mmoja aliyejifanya mpangaji nilimpiga kwa mtalawanda, kiatu changu cha mti.

Mwaka ninaousimulia reli ya Mpanda ilikuwa bado mpya, na karani mmoja alikuwa akipita mjini kuandikisha maseremala wa machimbo ya huko. Kazi hapa kwetu Tabora zilikuwa zimekauka. Mabruki akatoa jina lake bila kuniambia. Mdogo wake Twalibu alikwenda Mpanda miaka miwili; aliporudi, wanawe walimwamkia shikamoo kisha wakajificha nyuma ya mlango, kwa kuwa hawakumjua. Mwanangu Maua alikuwa na miaka mitatu. Sikutaka ajifiche nyuma ya mlango wowote.

Kabla ya kwenda likizo kwao, Bwana Visima alikuja uani akasema, "Mabruki, nina rafiki wawili wanataka matela kama hili. Nitawaleta mwezi wa sita. Kama masika yamepita na ndani ni pakavu, utawajengea. Kama limevuja, wataagiza Nairobi."

Matela mawili ni kazi ya mwaka mzima na zaidi, nyumbani, mtoto akicheza na randa. Hesabu yangu ikawa fupi: tela likivuka masika bila kuvuja, mume wangu anabaki, likivuja, anapanda treni.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilivuja. Paa lilikuwa mabati membamba juu ya mbao, na dawa iliyozibia viungo ilikuwa imepasuliwa na jua la Oktoba. Niliingia nikakuta tone limetua katikati ya kitanda.

"Baba Maua," nikamwambia, "nina hema la jeshi kwenye sanduku. Nitalishona kipande kimoja, tulivike juu ya paa lote, tulipake rangi ya mafuta. Maji hayatapata pa kupita."

"Mama Maua, paa ni kazi ya fundi. Wewe shona mashuka."

Nilimtazama mpaka akatazama pembeni. Kisha akaenda kununua nta.

Tabora kuna nta kama kulivyo na vumbi. Wakulima wa Ntalikwa huileta mjini kwa vigudulia, na Mabruki alinunua ya kwanza aliyoiona, mbichi, ikinukia asali bado. Akaiyeyusha kwenye sufuria yangu, mnisikie, sufuria yangu ya wali, akaimimina kwenye viungo vyote vya paa. Siwezi kumdhulumu: maji yalikoma. Desemba, Januari, Februari, ndani pakavu kabisa. Alikuwa akipita mbele yangu akipiga mluzi.

Mwezi wa tatu mwishoni, mvua zikipungua, nilikwenda kufungua madirisha nikasikia kitu kinavuma ndani. Nilidhani ni masikio yangu. Nikafungua mlango kidogo. Kabati la juu, lile la vyombo, lilikuwa limefunikwa na nyuki mpaka mbao hazionekani, na wengine walikuwa wakiingia kupitia tundu la hewa kama watu wenye hati ya nyumba.

Nilikimbia. Sioni aibu.

Mabruki alikuja na mafuta ya taa. Nikamshika mkono. Angemwaga mafuta mle ndani, mbao zingenuka miaka mitatu, godoro lingeharibika, na Bwana angejua kwa pua tu. Tulikuwa tunavutana hivyo chupa ikiwa katikati, ndipo akaingia Josepha. Huyu ni shoga yangu, Mkatoliki wa Ntalikwa, aliyekuwa akiniletea karanga. Aliangalia nyuki, akaangalia paa, akanusa. Kisha akacheka mpaka akaweka kikapu chini.

"Shemeji, ni nani aliyepaka nta mbichi pale juu?"

"Mimi," akasema Mabruki.

"Basi umewaita mwenyewe! Sisi mzinga mpya tunaupaka nta hiyohiyo, nyuki wainuse, waje. Kwetu hata mtoto anajua."

Mabruki alizaliwa mjini, baba yake mjini, babu yake njiani. Nyuki kwake ni asali ndani ya chupa. Alikaa kwenye gogo, mafuta ya taa mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane alionekana mzee. Akasema polepole, "Treni iko Jumatatu baada ya Bwana kuja. Nitaanza kufunga mizigo." Hasira zangu zote zilinitoka, ikabaki huruma, na huruma inauma kuliko hasira.

Kesho yake alfajiri, umande haujakauka, Josepha alirudi na kaka yake Limbu, mrina asali mwenye mikono ya makovu na sauti ya chini.

"Mwangaluka," akasema, akaweka chini mzinga wa gogo aliokuwa ameubeba begani.

"Mwangaluka," tukaitika.

Hakuwa na haraka hata chembe. Alifukiza moshi kidogo wa magome, akayakata masega machanga moja moja, akayaweka kwenye mzinga. Kisha akatia mkono mtupu katikati ya lile fungu la nyuki, akalitoa lote kwa mateko kama mtu anayeteka unga. "Mama yao akiingia, wengine hawana kwao pengine," alisema. Jua lilipopanda walikuwa wakiingia mzingani kwa mistari. Aliumwa mara nne, hakuzihesabu, nilizihesabu mimi.

"Sasa ikwangueni nta yote," alituambia akiondoka, "hata iliyo kwenye misumari. La sivyo wataleta ndugu zao."

Mabruki alikwangua siku tatu, juu ya paa, bila mluzi. Siku ya tatu jioni alishuka akasimama mlangoni kwangu.

"Lile hema bado lipo?"

Ningeweza kusema mengi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu mwenyewe nilikuwa mimi. Nikasema, "Lipo." Nikafungua sanduku.

Nililishona siku tisa kwa sindano ya magunia, mshono juu ya mshono, vidole vikatoka damu. Alilipigilia ukingoni kwa vipande vya mninga, tukalipaka rangi ya kijani mara tatu. Mvua ya mwisho ya Aprili ilinyesha saa nzima, ndani pakavu. Lakini mvua moja si masika, na harufu ya asali katika lile kabati ilikataa kutoka. Niliosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Wapi.

Mwezi wa sita Bwana Visima akaja na rafiki zake wawili, mmoja mrefu, mmoja mnene. Akagonga mipira, akafungua droo. Kisha akafungua kabati la juu, akatulia.

"Hapa pananuka asali."

Nilikwisha kuuandaa uongo. Ningesema Maua alimwaga chupa. Nilifungua mdomo, lakini Mabruki alinitangulia.

"Nyuki waliingia, Bwana. Niliwaita mimi, kwa nta, kwa ujinga wangu. Paa lilivuja Novemba. Mke wangu aliniambia siku ileile tulivike turubai la hema, nikakataa kwa kiburi. Turubai hilo ni kazi yake. Kosa ni langu."

Moyo ulinipasuka. Nilimkasirikia kwa kusema ukweli, Mungu anisamehe, kwa kuwa niliiona treni ya Mpanda ikiwa imesimama pale uani. Na papo hapo nilimpenda kuliko siku ya harusi. Yote mawili kwa pamoja. Sijui kwa wengine, kwangu yalitosha.

Wale Waingereza wakazungumza kwa lugha yao. Kisha yule mnene akaingia ndani, akajilaza kitandani na viatu vyake, akafunga mlango. Bwana Visima akasema, "Maji."

Mabruki akapanda ngazi, mimi nikawa nachota. Ndoo kumi na mbili, moja baada ya nyingine, zikimwagika juu ya rangi ya kijani na kuteremka pembeni. Ndoo ya nane nusura aiangushe.

Mlango ukafunguliwa. Mtu mnene akatoka akipangusa shati lake kwa viganja, akatuonyesha viganja hivyo. Vikavu.

"Matela mawili, langu na la huyu, yafunikwe hivihivi," akasema kwa Kiswahili cha shida. "Mabruki, nani atashona?"

"Muulize mwenyewe, Bwana," akajibu Mabruki toka juu ya ngazi. "Huyo hapo."

Nikasema nitashona, ila nitahitaji mtu wa kunishikia.

Jumatatu tulisikia treni ikipiga honi kule stesheni. Tulikuwa uani, turubai jipya limetandazwa kutoka mlangoni hadi kisimani, mimi nikiwa na mkasi, Mabruki amepiga magoti akishika pindo la upande wa pili. Alikuwa amelishika mshazari. Nikamwambia. Akalinyoosha.