Gari Lisiloishiwa Mafuta

Mtaa mzima wa Mtongwe ulijua kwamba Landrova ya Bi Mahfoudha ina baraka. Ulijua kwa sababu mwenyewe aliutangazia, dukani, arusini na hata matangani, popote alipopata sikio la bure. Mshale wa geji ya mafuta ulikuwa umekufa zamani, umelala chini kabisa, lakini gari halikuwahi kumzimikia njiani. Kila Jumamosi alitia dizeli, na kila akigeuza ufunguo alipiga Bismillahi, basi. Dizeli ilipopanda bei akaanza kutia kidogo kuliko zamani, na gari likazidi kwenda. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini?

Na gari alilihitaji kwelikweli. Figo za mumewe, Obeid, zilikuwa zimegoma, na kila Jumatatu na Alhamisi ilikuwa lazima avuke feri kwenda kusafishwa damu kwa mashine hospitali ya ng'ambo. Akitoka pale miguu haimbebi, na feri yenyewe mnaijua, mzima wa afya hupanda kwa kusukumana. Akikosa siku moja tu, maji yalimjaa mwilini, pumzi zikawa za kutafuta.

Landrova ilikuwa ya marehemu baba yake Obeid, naye aliwaachia watoto wake gari na ugomvi pamoja. Imad, mdogo wake Obeid, mwenye lori la mchanga na nyumba iliyogusana ukuta na yao, aliwahi kulichukua bila ya kuuliza, akalijaza saruji mpaka injini ikaungua. Obeid, ambaye hasira zake zilikuwa karibu siku zile, akamwambia mbele za watu, "Mkono wako usiliguse tena gari la baba, maisha yako!" Imad aliinamisha kichwa, akaenda zake. Tangu hapo ndugu hawa waliitikiana salamu msikitini kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu, na zaidi ya hapo hakuna. Hata Obeid alipougua, Imad hakubisha hodi. Bi Mahfoudha alimwekea kinyongo kwa hilo, tena kinyongo cha kutunzwa.

Basi Alhamisi moja gari likazima kwenye mteremko wa feri. Likakohoa, likatulia, nyuma honi zinalia na mbele askari wa feri anapunga mikono. Harufu ya dizeli ilijaa ndani. Obeid aliegemea mlango, uso umemvimba, akisema, "Usijali, Mahfoudha, tutafika." Watu walilisukuma pembeni, na tuktuk ikawafikisha hospitali wakati mashine yake imekaribia kupewa mwengine. Bi Mahfoudha alikaa kwenye benchi akilia kimyakimya. Aliogopa. Baraka yake alikuwa ameitegemea kuliko alivyojua.

Gari likaburutwa hadi gereji ya Oduor, Likoni, mtu wa bara aliyekaa pwani miaka mingi bila Kiswahili chake kubadilika hata kidogo. Aliinua mto wa kiti cha dereva, maana katika gari hizi kuukuu tangi liko hapo chini ya kiti, akachungulia, akapiga mluzi.

"Mama, kuja uone. Hii tangi imeoza. Nikigusa na bisibisi inatoboka. Imevuja siku mingi sana. Wewe unaweka mafuta lini?"

"Jumamosi."

"Na ya Jumamosi inakufikisha Alhamisi aje? Na hii shimo? Hata Jumanne haifiki."

"Kwa baraka, mwanangu."

Oduor alikuwa mzee wa kanisa, hakutaka kubishana na baraka za mtu. "Sawa, mama," alisema. "Lakini hata baraka inataka chuma."

Alilitafuta tangi Changamwe, kwa watu wanaochinja magari, akalipata moja zima la Landrova kama ile. Akaliosha ndani mpaka maji yakatoka meupe, akalipaka rangi ya kuzuia kutu, akafunga mipira mipya. Halafu geji. Alimwonyesha Bi Mahfoudha boya dogo lenye mkono wa waya: mafuta yakipanda boya linapanda, na waya mmoja unapeleka habari kwenye mshale. La zamani lilikuwa limetoboka, limezama. Akaweka jipya, akachomeka waya, akamimina dizeli, na mshale ule uliolala miaka yote ukaamka, ukapanda taratibu mpaka nusu. Bi Mahfoudha alipiga kigelegele pale pale gereji. Alimwombea Oduor umri, watoto na pepo, vyote kwa mpigo, na Oduor akaitikia amina bila kuchagua.

Raha hiyo haikudumu. Jumapili jioni mshale ulikuwa kwenye robo. Aliutazama kwa makusudi, kama mtoto mwenye saa mpya. Jumatatu asubuhi, alipogeuza ufunguo tu, ulikuwa umepita nusu. Aliwasha, akazima, akapiga kioo kwa ukucha. Nusu. Obeid alipoketi alitazama mbele tu. Kesho yake kulipokucha tu alikuwa mlangoni kwa Oduor.

"Geji yako yasema uongo, wallahi! Gari limelala na robo, limeamka na nusu!"

Oduor alitoa boya, akaliinua kwa mkono, mshale ukapanda, akalishusha, ukashuka. Akatumbukiza ufito ndani ya tangi, akamwonyesha ulivyolowa.

"Geji haina makosa. Mafuta iko. Kuna mtu anakuwekea, mama."

Bi Mahfoudha aliendesha kurudi nyumbani polepole mno. Mtu gani?

Alhamisi hakuuliza mtu. Baada ya swala ya alfajiri alisimama jikoni gizagiza bila kuwasha taa, akakaza macho uani. Watu walikuwa wakirudi msikitini. Mlango wa uani ukafunguliwa taratibu, akaingia Imad, kanzu ameikunja kiunoni, mtungi wa dizeli mkononi.

Alisimama kando ya Landrova. Kabla ya kufungua kifuniko cha tangi alitoa kitambaa mfukoni, akajizungushia mkono wa kulia, vidole vyote, akakaza kwa meno. Ndipo akafungua. Alimimina mpaka tone la mwisho, akafunga kwa mkono uleule uliovishwa kitambaa, akakohoa kidogo, akaondoka. Ngozi ya mkono wake haikuligusa gari.

Bi Mahfoudha alikaa chini sakafuni. Akakumbuka kwamba wiki ile gari lilipozima, Imad alikuwa Malindi kwenye arusi. Akakumbuka baraka alizozitangaza mtaa mzima, na Imad akimsikia upande wa pili wa ukuta. Alicheka, akalia, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru Imad kwa jina, kwa sauti, na kinyongo chote kikamtoka palepale jikoni.

Halafu hofu ikamshika. Obeid akijua? Obeid aliyekwisha kusema neno lake mbele za watu? Mtu mwenye kiburi kile angeweza kuyakataa mafuta, na bila mafuta yale ni mashine gani wataifikia? Akatoka mbio, akainua mto wa kiti na kuchomoa ule waya mmoja. Mshale hautapanda tena. Kazi yote ya Oduor, na furaha yote ile, akaizima kwa vidole viwili.

Baada ya chai alimsaidia Obeid kupanda. Akageuza ufunguo.

"Mahfoudha."

"Abee."

"Geji imekufa tena?"

"Imekufa. Yule fundi, sijui alifunga vipi." Alimsingizia Oduor wa watu, na ulimi ukamwuma.

Mkono wa Obeid, ule wenye kovu la sindano za mashine, ulikuwa juu ya dashibodi.

"Dirisha langu latazama uani," alisema. "Na kikohozi cha Imad nakijua tangu tulipokuwa twalala mkeka mmoja. Waona mimi nalala saa zile?"

Bi Mahfoudha alimgeukia.

"Siku zote hizi nilikuwa namsikia, namwona anavyojifunga kitambaa mkononi. Na neno nililosema lilikuwa kubwa, nikashindwa kulimeza. Inua huo mto, urudishe waya. Nataka kuona ndugu yangu ameniletea kiasi gani."

Alishuka, akauchomeka waya. Mshale ukapanda, ukapita nusu, ukaenda mpaka robo tatu, ukasimama. Obeid aliutazama, na machozi yakamshuka bila ya kuyafuta.

"Sasa nenda ukutani umwite," alisema. "Mwambie kile kitambaa akitupe, aje atuendeshe."