Kiti cha Buluu Nyuma ya Ndege

Siku ya safari Saveta alivaa sketi mbili, sweta tatu na koti la marehemu mumewe juu yake, kwa sababu kampuni ile ya ndege za bei poa hupima begi lakini haijawahi kupima mtu. Katika uwanja wa ndege wa Bacău, mji wa kwao, nusu ya foleni ilikuwa imenenepa namna hiyo hiyo. Walikuwa wanawake wanaorudi Italia kulea wazee wa watu, wamesimama wanatokwa jasho, mifuko imetuna soseji za nyumbani, na binti wa getini aliwapitisha mmoja mmoja akitazama mabegi yao tu. Saveta alikuwa ametoka kumfanyia mumewe, Toader, arobaini yake.

Kwao arobaini haiishii kwenye kula. Mjane humtolea marehemu vitu vya kutumia huko aliko: sahani, kijiko, blanketi, kiti. Kitu hupewa jirani aliye hai, jina la marehemu hutajwa, na marehemu hukipata. Saveta alikuwa amempa jirani yake Ruxanda kiti cha jikoni cha rangi ya buluu, kimefungwa taulo jeupe mgongoni na mshumaa juu yake. Alitoa kiti kimoja, maana aliyekufa alikuwa mmoja.

Ndege ilipotulia angani alikwenda msalani. Nyuma kabisa, kati ya safu ya mwisho na mlango wa choo, Toader alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha buluu, taulo lake bado mgongoni. Alivaa suti aliyozikwa nayo. Mhudumu mwenye toroli la kahawa alimwomba avute miguu, naye akaivuta.

"Umevaa koti langu," Toader alisema.

"Begi lilijaa."

"Limekukaa. Soseji ziko mfuko upi?"

Saveta akamkatia kipande. Toader alikinusa, akamrudishia. "Si hivyo, bwana. Mpe mtu." Saveta akampa mzee aliyekaa safu ya mwisho, akataja jina la mumewe. Mzee alishukuru na kuanza kula, na Toader naye akaanza kutafuna.

"Mbona hukukaa nyumbani?" Saveta aliuliza. "Ghorofa zima tumejenga."

"Nilikaa. Hamna mtu mle. Nikaona bora nije huku unakopita."

Ilikuwa kweli. Miaka mingi Toader alipiga plasta kuta za watu huko Italia, mji wa Bologna, na Saveta alikuwa mji mwingine, Treviso, analala kwenye kachumba kalikopakana na chumba cha mgonjwa ili aitwapo asikie. Wenye nyumba walikuwa watu wema, ila mume hakuruhusiwa kulala pale. Jumapili mchana walikutana kituo cha treni, wakakaa kwenye benchi, wakala mkate, kila mmoja akarudi kwake. Safari ya ndege ndiyo ilikuwa nafasi yao pekee ya kutulia, na hapo tena kampuni huwatawanya wote wasiolipia kuchagua kiti. Toader alikuwa akimpungia mkono juu ya vichwa vya watu. Hujambo, tutakaa pamoja nyumbani, alikuwa akisema kwa midomo bila sauti. Nyumbani kulikuwa na paa la kuezeka, ua wa kujenga na harusi za watu wengine, na kochi la sebuleni hadi leo halijatolewa nailoni ya dukani. Saveta alimpenda sana mtu yule na hakuwahi kushiba naye.

Taa ya mikanda ikawaka. Mhudumu, binti mpole mwenye kucha nyekundu, alimgusa bega.

"Mama, rudi kwenye kiti chako."

"Huyu ni mume wangu."

"Najua mama, lakini wewe kiti chako kiko kule mbele. Yeye amekuja na cha kwake."

Saveta akarudi mbele, akajibana katikati ya watu wawili waliokuwa wamelala. Alipogeuka, Toader alimpungia mkono.

Treviso hakungoja hata avue sweta zote. Alimpigia Ruxanda simu.

"Nimekosea, Ruxa. Nimetoa kiti kimoja."

"Kwani ulitaka akae vipi, mguu huku mguu huku?"

"Nataka cha pili. Changu mimi. Utoe sadaka kwa jina langu."

Jambo lenyewe halikuwa geni. Wazee wengi kijijini walikuwa wamejitolea sadaka zao wangali hai, wakazila wenyewe na kucheza muziki. Ila hao walikuwa wazee.

"Wewe unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kukaa na mume wangu."

"Na nitampa nani hicho kiti?"

"Jipe wewe."

"Haya, nitakuwa na viti viwili vya familia yenu na mimi mwenyewe sina hata mgeni wa kuvikalia. Na kasisi je? Yule akinuna, ananuna hadi Krismasi."

"Mpelekee chupa ya pombe ya plamu."

"Chupa moja? Kwa mtu mzima hivi hajafa? Nitapeleka mbili."

Sadaka ilifanyika. Kilichobaki kilikuwa safari, na safari haikupatikana. Bibi Ornella, mzee ambaye Saveta alikuwa akimlea wakati huo, alikuwa ameanza kutembeatembea usiku akimtafuta mama yake, na binti yake Donatella alisema hawezi kumwachia mtu mwingine. Majira ya baridi yakapita. Saveta aliamka kila bibi alipoamka, akamshika mkono, akamrudisha kitandani, akamwimbia. Mchana alipika na kufua, na alipokuwa akifua alipanga maneno. Alikuwa na mengi ya kumwambia Toader: paa linavuja upande wa zizi, jiwe la kaburi limeandikwa vizuri, amemsamehe ule ugomvi wa pikipiki, na kwamba jioni anamkumbuka hadi kifua kinamuuma. Ilipofika Pasaka, Donatella akampa ruhusa.

Ndani ya ndege Saveta hakutafuta hata namba ya kiti chake. Alikwenda moja kwa moja nyuma. Kando ya kiti cha buluu kilikuwapo cha pili, cha kijani, na Ruxanda alikuwa ameongeza mto. Mhudumu mwenye kucha nyekundu aliwatazama wote wawili.

"Hivyo viti havina mikanda," alisema. "Shikaneni tu wakati wa kuruka."

Wakashikana. Mkono wa Toader ulikuwa na ukavu ule ule wa saruji. Ndege ilipopita mawinguni Saveta akapumua, akamgeukia.

"Toader, nina mengi."

"Anza na lolote."

Akaegemeza kichwa begani mwake ili apange lipi lianze. Bega lilikuwa na harufu ya sabuni waliyomwoshea. Aliwaza aanze na paa.

Makofi ndiyo yaliyomwamsha. Matairi yalikuwa yameshagusa ardhi ya Bacău, na abiria, kama kawaida yao, walikuwa wakimpigia rubani makofi. Toader hakupiga. Mkono wake mmoja ulikuwa bado chini ya kichwa cha mkewe, na hakuwa ameusogeza.

"Mbona hukuniamsha?" Saveta alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Safari nzima! Nimeingoja tangu mwaka jana!"

"Ulikuwa umechoka."

"Sijakwambia hata neno moja."

"Najua." Alimpangusa mate pembeni mwa mdomo kwa kidole gumba. "Miaka yote ya Italia sijakuona umelala hata mara moja. Mimi nimefurahi sana, Saveta. Unakoroma kidogo."

Saveta alicheka huku analia, akamvuta Toader, akamkumbatia mpaka abiria wa mwisho akapita. Toader hakushuka. Ndege ilikuwa inageuza baada ya muda mfupi, na tayari wanawake wa safari ya kwenda Italia walikuwa wamejipanga nje ya kioo, wamevimba kwa makoti. Mhudumu aliomba njia afagie.

Saveta alikuwa bado kwenye ngazi simu ilipolia. Ilikuwa Donatella, anauliza matone ya usingizi ya mama yake yako wapi. Saveta akamwelekeza: kwenye friji, mlangoni, nyuma ya maziwa. Donatella alishukuru, akamtakia Pasaka njema, akamuuliza kama alipata kupumzika safarini. Saveta akasema ndiyo, amelala vizuri.

"Afadhali," Donatella alisema. "Maana ukirudi Jumanne itabidi ukeshe. Mama siku hizi halali kabisa."