Vanishi ya Ukaguzi

Sajini aliingia ofisini kwa mkuu wa kituo bila hodi, akaibwaga shotigani tupu mezani mpaka kikombe cha chai kikapinduka.

"Ikoki, afande."

Mkuu akakivuta kile kishikio cha mbele kinachoingiza risasi. Hakikusogea. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Bunduki zenyewe mbovu," akasema akihema.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua! Hii imekula mvua na vumbi miaka yote, haijagoma hata siku moja. Wewe ndiye uliyeamuru zipakwe vanishi zing'ae mbele ya wakaguzi. Nikakwambia itaganda, ukaniambia nina mdomo mrefu. Leo mwenzangu kavuta kama ulivyovuta wewe, na jambazi hakumsubiri. Yuko hospitali, hajitambui."

Macho ya mkuu yalikimbilia ukutani, kwenye cheti kipya cha kituo kinachoongoza kwa usafi wa silaha.

Sajini akakifuata, akaking'oa pamoja na msumari wake.

"Mkewe yuko hapo nje kwenye benchi," alisema. "Anauliza bunduki ya mumewe ilikuwa na nini. Shika, kamwoneshe."