Kipkurui Azungumza na Ng'ombe

Mume wangu Kipkurui ni mtu mzuri, msinielewe vibaya. Lakini siku ya kwanza nilipomwambia nampenda, alinijibu, "Asante," kama mtu aliyepewa kikombe cha chai. Halafu akaenda kurekebisha mlango wa choo. Jameni! Sisi Wakisii tunaongea mpaka na sufuria. Nikajiuliza nimeolewa na mti gani huku Kiptere kwa Wakipsigis.

Baadaye nilielewa. Mama yake alimlisha, akamvisha, akamsomesha, ila hakuna siku alimuuliza ameshindaje. Akilia, aliambiwa aende akachume chai. Basi mtu akakua akijua kuchuma chai tu.

Mimi nilishazoea. Shida ni Cheptoo wetu, wa miaka sita. Wiki jana alitoka shule mbio, amechaguliwa kuimba peke yake kanisani. Baba yake akasema, "Sawa. Umekula?" Mtoto akanyamaza. Tangu hapo habari zote ananiletea mimi, baba anapewa salamu tu.

Jumapili nikawaka. "Kipkurui! Unamfundisha mtoto kunyamaza vile ulifundishwa. Akishazoea, hutampata tena!"

Akachukua kikapu, akaingia shambani kuchuma chai. Jumapili! Nani ananunua majani Jumapili?

Leo asubuhi nikamsikia zizini akikamua, anaongea. Nikachungulia.

"Cheptoo," anamwambia ng'ombe, "baba amefurahi. Amefurahi sana."

Ng'ombe anatafuna tu. Nikauma leso nisicheke. Kumbe Cheptoo amesimama nyuma yangu. Akanipita, akaingia.

"Baba, mbona unaambia ng'ombe?"

Mwanaume mzima akashtuka, maziwa yakamwagika. Akaangalia chini.

"Nikiwa mdogo kama wewe," akasema, "nilikuwa namwita mama, hageuki. Naogopa hata wewe hutageuka."

Hapo kicheko kiliniisha. Miaka kumi tumeishi pamoja na hakuwahi kuniambia hayo.

Cheptoo akamshika baba yake mashavu kwa mikono miwili. "Si nimegeuka? Haya, sema."

Kipkurui akainua macho. "Nakubenda," akasema, kwa ile b yao Wakipsigis.

Neno nililolingoja miaka yote hiyo limekuja na b, tena limepewa mtu mwingine, na mimi nililia kwa furaha kama mjinga.